Mchikichi bila kufyeka msitu: ushauri kwa wakulima wa Kigoma

Sokwe wa hifadhi ya Gombe wanakula chikichi. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika pale mwaka 1960 aliwakuta wakizila, na mpaka leo tunda hilo ni chakula chao kikubwa. Naanza na jambo hili kwa sababu wakulima wengi wananiuliza: kama mawese, mafuta ya chikichi, yanasemwa vibaya duniani, mbona sisi tunahimizwa kupanda michikichi? Ndugu mkulima, mti wenyewe hauna kosa. Ubaya au uzuri wake unategemea kilikatwa nini ili upandwe, na mafuta yake yanakamuliwaje.

Yanayosemwa vibaya ni ya kweli. Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia, na sehemu kubwa ya mashamba yale ilikuwa msitu wa mvua. Baadhi yake ni ardhi tindiga yenye mboji nene, ambayo ikikaushwa kwa mifereji inashika moto na kuwaka chini kwa chini kwa wiki nyingi. Mwaka 2015 moshi wa mioto hiyo ulifunika maeneo makubwa ya Indonesia na kuvuka bahari hadi Singapore. Karibu na sisi, kwenye kisiwa cha Bugala wilayani Kalangala, Uganda, misitu ilifyekwa kupisha michikichi. Wapo wakulima wadogo wa pale wanaopata kipato cha uhakika, na wapo majirani zao wanaolalamika mpaka leo kwamba ardhi iliwatoka.

Lakini hakuna zao la mafuta linalotoa mafuta mengi kwa eneo dogo kama mchikichi. Linatoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta yote ya mimea duniani, kwenye eneo lisilofika sehemu ya kumi ya ardhi yote ya mazao ya mafuta. Alizeti kwa kawaida haifikishi hata tani moja ya mafuta kwa hekta. Mchikichi bora ukitunzwa unapita tani tatu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni huu: ongeza mafuta kwenye shamba ulilonalo kabla ya kugusa pori jipya.

Michikichi mingi ya Kigoma ni ya aina ya Dura, mirefu, mikongwe, yenye chikichi za gamba nene kwenye kokwa na nyama kidogo. Mwaka 2018 serikali iliamua kulifufua zao hili, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikapewa jukumu la mbegu bora ya Tenera, ambayo gamba lake ni jembamba na nyama yake ni nyingi. Ng'oa michikichi mizee kwa awamu, robo ya shamba kila mara, ili usikose mafuta ya nyumbani wakati miche inakua. Magogo yaliyoanguka yapasue na kuyatandaza yaoze haraka, maana chonga, mbawakavu mwenye pembe, hutaga kwenye magogo yanayooza kisha hurudi kutoboa vilele vya miche yako.

Hapa kuna kosa moja linaloumiza watu sana. Mkulima anaona Tenera ya jirani imezaa vizuri, anaokota chikichi zilizodondoka, anazisia kwenye viriba. Miaka minne baadaye analia. Siri yake ilifahamika kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, Congo, mwaka 1941: Tenera ni chotara wa Dura na Pisifera, aina ya mchikichi isiyo na gamba. Ukisia mbegu za Tenera kwa Tenera, karibu robo ya miche inarudi kuwa Dura, na robo nyingine inakuwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haikomazi mikungu. Nusu ya shamba inakuwa imekula jasho lako, na mkulima aliyeshindwa namna hiyo ndiye huyo huyo anayefyeka pori kutafuta eneo lingine. Chukua miche kwenye kitalu kinachotambulika, basi.

Panda kwa pembetatu, mita 9 kila upande. Hekta moja inabeba miche 143, ekari inabeba kama 58. Watu wanabana wakidhani miti mingi ni mafuta mengi. Michikichi iliyobanana inakimbilia juu kutafuta jua na kuzaa kidogo. Katika miaka mitatu ya kwanza nafasi iliyo katikati ni yako: maharage, karanga, hata mahindi yasiyosogea karibu na shina. Majani yakifunga, acha udongo ufunikwe na mimea jamii ya kunde. Usiuache wazi kwenye miteremko yetu, kwani mvua ya masika itaushusha wote ziwani.

Kuhusu ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto. Kwa mtu mwenye shamba bonde la mto Luiche najua mita 60 ni kipande cha maana. Pima hata hivyo, na uache miti ya asili isimame. Vivyo hivyo kwenye makorongo ambayo sokwe hupita kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Mteremko mkali nje ya hifadhi ya Gombe ulibaki upara kwa sababu ya mashamba, kuni na mkaa, hata mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa Tacare kushirikiana na vijiji kurudisha miti. Kurudisha kumechukua miaka mingi kuliko kufyeka.

Dawa za wadudu zipulizwe kwa hesabu. Maua dume ya mchikichi yana mbawakavu wadogo wanaobeba chavua kwenda maua jike. Malaysia ilibidi kuwaleta kutoka Cameroon mwaka 1981, na kabla ya hapo walikuwa wakichavusha kwa mikono ya vibarua. Sisi tunao bure.

Sasa ukamuaji, ambako madhara yetu wenyewe yapo zaidi. Mkungu umeiva pale chikichi chache zinapoanza kudondoka zenyewe. Ukishakatwa, pika ndani ya siku moja au mbili. Mazoea ya kulundika mikungu wiki nzima ili chikichi zilegee yanachachusha mafuta, na mnunuzi anakushusha bei kwa haki. Kuchemshia mapipa kwa kuni za miombo ndiko kunakomaliza mininga na mitundu ya vilimani. Chochea kwa makapi na magamba yaliyokauka, juu ya jiko lililojengwa kwa udongo lisilopoteza moto. Mikungu mitupu irudishe chini ya michikichi kama matandazo, ina potasiamu nyingi. Majivu yake ndiyo mama zetu wanayopikia sabuni.

Maji ya kukamulia yasimwagwe mtoni. Yanaonekana kama uchafu wa jikoni tu, kumbe yakioza yanamaliza hewa iliyomo majini na samaki wanakufa. Chimba shimo mbali na kisima, yatulie, engua mafuta yanayoelea, kisha tope lake changanya na mikungu mitupu upate mboji.

Limebaki suala la watu. Watoto wasipandishwe michikichi mirefu. Tenera inavunwa na mtu mzima akiwa chini, kwa patasi ingali changa, na kwa mundu wenye mpini mrefu ikirefuka. Na usiuze ardhi kwa maneno ya barazani. Zamani, mwaka 1911, serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, maeneo makubwa ya michikichi ya Congo bila kuuliza wenyewe, na watu wakaishia kulazimishwa kukata mikungu kwenye ardhi ya babu zao. Fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, jina la mke liwemo, na mwekezaji yeyote apitishwe na mkutano mkuu wa kijiji.

Mkataba wa kuuza mikungu mizima kiwandani usome mara mbili. Bei ya kilo inaweza kuvutia, lakini mkungu ukiondoka unaondoka na mise, yaani viini vya kokwa za chikichi, na mise katika nyumba nyingi za Kigoma ni fedha ya mama: yeye ndiye anayezipasua, yeye anauza, ndiyo ada ya shule na sabuni. Kaeni wote wawili mezani mpige hesabu ya mawese, mise na mikungu mitupu kabla ya kutia saini, na kama mtauza, andikeni kwamba sehemu ya mise au thamani yake inarudi, na kwamba anayelipwa ni mama.