Namna ya Kuusikiliza Wimbo wa Kale wa Jazi Bila Kupotea Njiani

Anayeanza kusikiliza jazi huambiwa ajifunze kwanza majina ya wapigaji. Mimi naona ni afadhali aanze na umbo la wimbo, kwa sababu nyingi kati ya nyimbo zilizotungwa Marekani kuanzia miaka ya 1920 hadi 1940 kwa ajili ya jukwaa na filamu, ambazo wanajazi walizichukua wakazifanya zao, zimejengwa kwa mpango mmoja.

Chukua "Body and Soul", ambao muziki wake ulitungwa na Johnny Green mwaka 1930. Mapigo manne hufanya kipimo kimoja, na wimbo mzima una vipimo 32 vilivyogawanywa katika mafungu manne ya vipimo vinane kila moja. Fungu la kwanza, la pili na la nne yana mahadhi yaleyale. La tatu, ambalo wanamuziki huliita daraja, lina mahadhi yake.

Anza na rekodi iliyoimbwa, kwa mfano ya Billie Holiday ya mwaka 1940, na uirudie mpaka uweze kuyavumisha mahadhi bila msaada. Kisha hesabu, ukikunja kidole kimoja kila vipimo vinane vinapokwisha. Usiifuate sauti ya mwimbaji unapohesabu, kwani Holiday huchelewesha maneno nyuma ya pigo kwa makusudi, na ucheleweshaji huo ndio unaozipa nyimbo zake ule ulegevu wa mtu aliye nusu usingizini. Badala yake, fuata besi. Hapo utahitaji spika za masikioni, maana spika ndogo ya simu huimeza besi karibu yote.

Daraja la wimbo huu linastahili kusikilizwa peke yake mara kadhaa. Muziki unapoliingia hupanda ufunguo, yaani sauti ya msingi, kwa nusu sauti (hatua ndogo kabisa ya piano), ukakaa huko vipimo vinne, kisha ukashuka sauti nzima (hatua mbili kama hizo), na mwishoni ukateleza kurudi ulikotoka. Hata asiyejua nota husikia kwamba amehamishwa, na akirudishwa hujua kwamba fungu la mwisho limeanza.

Sasa nenda kwenye rekodi ya wimbo huohuo ambayo Coleman Hawkins aliipiga kwa saksofoni New York tarehe 11 Oktoba 1939. Piano hutangulia kwa muda mfupi, kisha Hawkins huuzunguka wimbo mara mbili, yaani vipimo 64, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulibeba takriban dakika tatu tu. Mwanzoni hukaa karibu na mahadhi, halafu huyaacha asiyarudie, na wageni wengi hupotea papo hapo. Dawa yake ni kuendelea kuyavumisha mahadhi ya asili chini kwa chini anapopiga: kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja chini ya mahadhi, hazijabadilika, na daraja litafika mahali pake palepale. Ukipotea, usirudi mwanzo. Lisubiri daraja, kwani ndilo rahisi kulitambua. Aliyezoea rumba, ambamo sebene huja baada ya uimbaji na kuzunguka kodi chache, akumbuke kwamba hapa solo hupita juu ya wimbo mzima, fungu kwa fungu.

Si kila wimbo unatii mpango huu. "Summertime" wa George Gershwin (1935) una vipimo 16 kwa kila ubeti, "All the Things You Are" wa Jerome Kern (1939) una 36, na "Star Dust" wa Hoagy Carmichael hauna daraja la namna hii kabisa. Ziache hizo kwa baadaye.

Zoezi linalofuata liwe "I Got Rhythm", wa Gershwin pia, wa mwaka 1930. Asili yake ni vipimo 34, lakini wanajazi huviacha viwili vya mwisho. Ukishaujua, tafuta "Anthropology" ya Charlie Parker na Dizzy Gillespie, iliyojengwa juu ya kodi zake, na ujaribu kuyavumisha mahadhi ya Gershwin humo. Kasi itakusumbua, lakini mtakutana kwenye daraja.