Laini moja, majirani kumi: kupata intaneti nafuu Nansio

Wanaokuja steshenari kwangu hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB au kuangalia matokeo ya mitihani ya NECTA, simu wanazo. Wanachokosa ni bando. La siku linakata viambatanisho vikiwa katikati ya kupanda, mtu ananunua jingine, nalo linakata. Ndiyo maana nikiulizwa Ukerewe ipateje intaneti nafuu nasema: vifaa baadaye. Tafuta kwanza majirani kumi watakaochangia laini moja ya intaneti ya mwezi isiyohesabu gigabaiti.

Tuseme laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mkiwa kumi, kila mmoja anatoa 10,000. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu, maana baiti moja ina biti nane (wauzaji wanapenda kutaja ile namba kubwa). Bado zinatosha, kwa sababu hamtumii wote kwa mpigo: mama lishe anajibu WhatsApp, mwanafunzi anasoma, mwenye boti anaangalia utabiri wa hali ya hewa wa TMA.

Kabla hujalipa chochote, piga simu ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya Kanda ya Ziwa, iko Mwanza. Kuuza intaneti kwa umma kunahitaji leseni. Hata kama mnachanga bila faida, waeleze mpango mzima, na hakikisha mkataba wa laini unaruhusu kuigawa. Ukitaka biashara, mara nyingi ni nafuu kuwa wakala wa kampuni ambayo tayari ina leseni.

Sasa antena, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa nyumba zilizo mbali tumia antena mbili za gigahezi 5 zinazotazamana. Kuonana kwa macho hakutoshi. Kwenye umbali wa kilomita 3, katikati ya njia panatakiwa uwazi wa kama mita 4 kuzunguka ule mstari. Mwembe uliopogolewa kiangazi hautasumbua. Masika ukichipua na majani yakalowa, kasi inashuka na kila mtu atailaumu kampuni. Mawe yetu makubwa nayo yapitie pembeni, hayatobolewi na mawimbi ya redio ya antena.

Ukivusha mawimbi juu ya ghuba, jihadhari na maji. Uso wa ziwa hurudisha mawimbi kama kioo, yale yaliyodunda yanafika yamechelewa na kuvuruga yaliyokuja moja kwa moja. Mafundi wengi hukimbilia kuongeza mlingoti. Jaribu kwanza kuirudisha antena nyuma kidogo kutoka ufukweni, nyumba au kichuguu cha mbele kiyakinge yale yanayotoka majini, huku njia ya juu ikibaki wazi. Wakati mwingine hata kuishusha mita moja kunasaidia.

Radi za ukanda huu hazina mzaha. Mlingoti uwe na waya wa ethi uliochimbiwa ardhini, na kazi hiyo mpe fundi umeme, si kijana wa kufunga ving'amuzi. Ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti, na antena hazili umeme mwingi, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye chaja yake inavusha jioni umeme ukikatika.

Ndani ya ruta, mpe kila mtu vocha yake, na kila vocha iwe na kikomo cha kasi, tuseme megabiti 3. Pasiwedi moja ya wote itakuwa imefika gatini kabla ya jioni. Masasisho ya simu na kompyuta yaruhusu usiku wa manane. Hayo nayo hula laini kimyakimya. Kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani.

Malipo yafuate ziwa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanabaki nchi kavu na mtaa mzima unakauka, hata saluni. Kwa hiyo usikusanye michango tarehe mosi kwa kuwa tu ni tarehe mosi; kusanya kipindi cha giza, boti zikiwa zinatoka. Asiye na mchango wa mwezi muuzie vocha ya siku, kama kibali chenu kinaruhusu. Na kila mwanachama atangulize mchango wa mwezi mmoja unaokaa kwenye akaunti ya kikundi, ili mmoja akichelewa laini isikatwe kwa wote.