Kutoka "wahenga walinena" hadi aya ya kitaaluma: ninavyolifundisha darasa la walimu tarajali

Kila mwanzo wa mwaka napokea insha zinazofungua mlango mmoja. Swali linauliza sababu za watoto kukosa shule kando ya ziwa, jibu linaanza, "Wahenga hawakukosea waliponena kwamba elimu ni bahari." Ukurasa mzima baadaye bado tunaogelea, na mtoto aliyekosa shule hajaonekana.

Simlaumu mwanafunzi. Karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yaani 102/1, ina alama 40, na tangu Kidato cha Kwanza ameambiwa kwamba methali na tamathali ndizo zinazomlainisha mtahini. Akifika kwetu tunamwamuru "andika kitaaluma" kana kwamba ni kitu alichokisahau nyumbani. Hapa naeleza ninavyofanya na darasa langu Kisumu, ambalo wanafunzi wake wengi hutoka Nyando, Seme, Vihiga na Busia. Somo hili huchukua wiki tano au sita, kipindi kimoja kirefu kila wiki. Mwalimu mwenzangu wa sekondari pia anaweza kulifupisha kwa Kidato cha Tatu na cha Nne.

Onyo moja kabla hujaanza: usigawe orodha ya maneno. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipiga chapa maneno 60 "ya kitaaluma" nikayagawa kwa furaha. Nilirudishiwa insha zenye "kwa mintarafu ya" kila baada ya sentensi mbili, na kijana mmoja alitumia "maadamu" mara nne katika aya moja, zote mahali pasipo pake. Kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 1: Waandike wanavyoongea

Dakika 15, kalamu na karatasi, simu mkobani. (Akili unde itasubiri. Ukiileta mapema utapata aya safi ambayo hakuna aliyeifikiria.) Waambie wamweleze jirani yao kwa nini watoto wanakosa shule. Mwanafunzi mmoja aliyekulia karibu na ufuo wa Ziwa Victoria, wanakovuliwa omena, yaani dagaa wadogo, aliandika hivi, nami nitaifuata aya yake hadi mwisho:

"Watoto hawaji shule kwa sababu omena wakitoka wengi wanaenda kuanika na kuuza. Wazazi nao hawajali. Serikali inafaa kuchukua hatua."

Usiiguse kwa kalamu nyekundu. Hoja imo, iliyokosekana ni lugha ya kuibebea. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji waliojifunza Kiingereza nchini mwake, ile ya kwanza ilishikika kwa takriban miaka 2. Ya pili ilihitaji miaka 5 hadi 7. Nikimsikia kijana anavyobishana kwa Kiswahili na makanga wa matatu pale Kondele, hapa Kisumu, kisha nikaona aya yake ikikwama, humkumbuka Cummins kabla sijafikiria uvivu.

Hatua ya 2: Fungueni aya ya mtu mwingine

Tafuta aya moja ya makala ya elimu iliyoandikwa kwa Kiswahili, utoe fotokopi. Moja yatosha. Wapigie mstari kiima cha kila sentensi, kisha uliza: nani anatenda hapa? Watashangaa kwamba watu hawapo. Waliokaa mbele ni "ongezeko", "ukosefu", "mahudhurio", "ushiriki". Darasani kwangu tunasema abiria wameshuka, nomino zimepanda.

Hatua ya 3: Geuzeni vitenzi kuwa nomino, polepole

Hapa ndipo ninapokaa wiki mbili, na ndipo penye utamu. Ukigeuza kitendo kuwa nomino unakipa mpini: unaweza kukishika, kukipima, kukilinganisha na kingine. Lakini kila mpini huelekeza jembe upande wake.

Chukua "hawaji shule". Darasa lilitoa nomino tatu: utoro, kutohudhuria, mahudhurio duni. Niliwauliza tofauti. Walibishana nusu saa. "Utoro" unamnyooshea mtoto kidole, maana mtoro ni yule anayetoroka. "Kutohudhuria" hakumtaji mkosaji. "Mahudhurio duni" ni neno la mwalimu mkuu anayetazama rejista. Basi hata kabla ya kutoa ushahidi, mwandishi ameshachagua wa kulaumu.

Tukaja kwenye "wanaenda kuanika na kuuza". Mmoja alipendekeza "ajira ya watoto". Neno zito, linakuja na sheria na mashirika nyuma yake. Je, mtoto anayemsaidia nyanya yake kutandaza omena kwenye nyavu kwa saa mbili ameajiriwa? Hatukukubaliana, tukaacha "kazi ya kuanika na kuuza omena".

Kisha "wazazi hawajali". Wengi waliandika haraka "kutojali kwa wazazi", wakaridhika na umbo. Yule mwenye aya akainua mkono: "Lakini mwalimu, mama alikuwa ananituma ufuoni na alijali. Pesa ndizo zilizoninunulia sare." Darasa likanyamaza. Nomino ilikuwa sahihi kisarufi na ya uongo. Tukaifuta, tukaandika "mahitaji ya kifedha ya familia".

Tahadhari: wakishaonja, watazidisha. Utasoma "ufanikishaji wa utekelezaji wa uboreshaji wa ufundishaji". Kanuni yangu ni kwamba nomino dhahania mbili zikishaunganishwa, ya tatu irudi kuwa kitenzi. Kiswahili kinapenda kitenzi, usikinyime.

Hatua ya 4: Pimeni uzito wa dai

Chora ngazi ubaoni. Juu kabisa andika "husababisha", chini yake "huchangia", chini zaidi "huhusishwa na", na chini kabisa "huenda". Kila mtu asimame na sentensi yake kwenye kidato ambacho ushahidi wake unakimudu. Mwenzetu wa omena alikuwa ameona ufuo mmoja, akapanda hadi "husababisha". Wenzake walimshusha kwa kelele.

Wanafunzi wengi huona "huenda" kuwa dalili ya woga, kwa kuwa wamefunzwa kwamba mwandishi hodari hutoa uamuzi wa kishindo. Waeleze kuwa ni adabu tu: usidai zaidi ya ulichonacho mkononi.

Sentensi ya "serikali inafaa kuchukua hatua" haikuponea ngazi hii. Serikali ipi, hatua gani? Tulipochunguza tukakuta Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari inamtaka mzazi kuhakikisha mtoto wake anahudhuria shule. Hoja ikahama kutoka kudai sheria hadi kuuliza kwa nini iliyopo haitoshi.

Hatua ya 5: Kuingiza sauti za wengine

Vyanzo vyetu vingi viko kwa Kiingereza, na shida mbili huzaliwa hapo: kunakili, na kutafsiri neno kwa neno. Sentensi kama "umaskini hucheza jukumu kubwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sema "umaskini huchangia sana". Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: soma kipande, funika karatasi, msimulie jirani kwa Kiswahili, au hata kwa Kijaluo au Kinyore, kisha ndipo uandike. Ukishindwa kusimulia hukuelewa, rudi usome.

Wape pia vitenzi vya kumnukuu mtu, kwa sababu wengi wanacho kimoja tu, "anasema". Ukiandika "anadai" umejitenga naye kidogo. "Anabainisha" ni kama umekubali. "Anakiri" huonyesha kwamba jambo linamuuma kulitamka. Kuhusu mpangilio wa marejeleo, fuata mtindo wa idara yako na usiupoteze muda wa darasa. Koma na mabano hujifunzwa kwa kurudia.

Hatua ya 6: Andikeni pamoja ubaoni

Watu huiruka hatua hii, halafu hushangaa. Wanaisimu na walimu wa Sydney, Australia, waliofuata isimu ya Michael Halliday, walijenga ufundishaji wao kuanzia miaka ya 1980 kwa mpango huu: kuchambua mfano, kuandika kwa pamoja, ndipo kila mtu aandike peke yake. Mimi hushika chaki, wao husema. Nikiandika upuuzi makusudi, wanikamate. Ya mwaka huo ilitoka hivi:

"Katika shule zilizo karibu na fuo, kutohudhuria masomo huongezeka nyakati ambazo omena hupatikana kwa wingi (   ). Hali hii huenda inatokana zaidi na mahitaji ya kifedha ya familia, kwa kuwa mapato ya kuanika na kuuza omena husaidia kugharamia mahitaji ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shule. Hata hivyo, wajibu huo ni mgumu kutimiza pale ambapo mapato ya siku yanategemea mikono ya mtoto."

Mabano matupu yale katika sentensi ya kwanza tuliyaacha makusudi. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na ni heri pengo linaloonekana.

Hatua ya 7: Kila mmoja na yake

Sasa wape swali jingine, waandike peke yao. Nasahihisha mambo mawili tu katika rasimu ya kwanza, kwa kawaida nomino na uzito wa dai. Ukimwaga wino mwekundu kila mahali, atatazama alama na kufunga karatasi. Tahajia nazikusanya kwa darasa zima, dakika kumi, basi.

Yule mwenye aya ya omena hakuridhika na mabano. Likizo fupi alirudi katika shule yake ya msingi, akaomba ruhusa ya kutazama rejista, akanakili jumla za kila siku kwa muhula mmoja, bila majina ya watoto. Aliniwekea karatasi mezani Jumatatu asubuhi. Mahudhurio yalishuka kweli, lakini hayakufuata omena. Yalishuka kila Jumatano, msimu wote, siku ya soko.

Tulianza upya kutoka sentensi ya kwanza.