Uchumi Ukibana Nairobi: Namna ya Kulinda Karo, Unga na Mpira wa Mtoto

Kipato kikipungua, nyumba nyingi hukata michezo ya watoto kwanza, kisha nyama, na karo huachiwa Mungu mpaka shule zifunguliwe. Huo ni mpangilio mbaya. Anza na karo, kwa sababu tarehe yake haisogei.

Shule nyingi za bweni za umma hugawa karo ya mwaka kwa 50:30:20. Ikiwa ni shilingi 40,000, muhula wa kwanza unadai 20,000, wa pili 12,000 na wa tatu 8,000. Mzazi anayegawa 40,000 kwa miezi 12 huweka kama 3,300 kwa mwezi. Kuanzia Septemba hadi Desemba atakuwa na 13,200, na pengo la 6,800 ndilo linalomtupa kwenye mikopo ya simu Januari. Weka hivi: 5,000 kila mwezi Septemba hadi Desemba, 4,000 Februari hadi Aprili, 2,700 Mei hadi Julai. Lipa kidogo kidogo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na utunze kila ujumbe wa malipo. Pesa ikipitia M-Pesa ukiwa na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa yenyewe, itakatwa ikiingia tu.

Ukiona hutafikisha, mwone mkuu wa shule wiki moja kabla ya kufungua, si baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Beba sehemu ya pesa, pamoja na barua yenye tarehe na kiasi utakacholipa kila mara. Basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na ya kaunti ni fomu mbili tofauti. Jaza zote, na uhakikishe zina nambari ya usajili ya mtoto na muhuri wa shule. Aliye shule ya msingi ya umma, ulizia Dishi na County, mpango wa chakula cha shule wa Kaunti ya Nairobi: mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo.

Jikoni, pesa huvuja kwenye kadogo, yaani kununua vipimo vidogo vidogo. Mafuta ya kupima ya mililita 100, zidisha bei yake kwa 10 kisha linganisha na chupa ya lita. Fanya hivyo hivyo kwa sukari na sabuni. Kama huna pesa ya kununua kwa wingi, changeni majirani watatu mnunue gunia la mahindi la kilo 90, kila mmoja apate kilo 30 za kusaga posho. Hatari ni unyevu, maana mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu yenye sumu. Pima kabla ya kulipa: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, usinunue.

Stima nayo: bei ya uniti hufuata wastani wa matumizi yako ya miezi 3. Chini ya uniti 30 kwa mwezi ni bei nafuu. Ukipita 100 unaingia daraja la juu. Ndiyo maana ploti yenye mita moja kwa nyumba kadhaa hulipa ghali hata kila mtu akijibana. Mwombeni mwenye nyumba mita tofauti.

Mpira usikatwe, punguza gharama zake. Chagua timu ya mtaani ambayo mtoto anafika kwa miguu, na uongee na kocha mapema kuhusu ada, kwa sababu wengi hukubali malipo ya awamu. Mtoto anywe uji wa unga wa wimbi kabla ya mazoezi ya jioni. Anayekimbia na njaa huchoka mapema na huumia.

Buti za mtumba zipo soko la Gikomba. Kunja soli kwa nguvu: ikiachia pembeni, gundi imekufa, na itang'oka kabla ya mwezi kuisha. Uwanja wa mchanga mgumu unataka njumu fupi nyingi za mpira, kwani ndefu huumiza nyayo. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kisha umpelekee fundi viatu azungushie soli uzi kabla mtoto hajaanza kuzivaa.