Kutuma barua pepe yenye viambatisho kwa mstari wa amri

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) kule Newala au Tandahimba ana kazi ileile kila jioni: kupeleka orodha ya mizani na picha za stakabadhi kwenye chama kikuu. Mtandao ukisuasua, kufungua Gmail kwenye kivinjari ni mateso, maana ukurasa wenyewe hula bando kabla faili halijaanza kupanda. Amri ya teminali hutuma barua tu, na kesho unairudia.

Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install mutt msmtp ca-certificates
```

Mutt huandaa barua na viambatisho, msmtp huikabidhi kwa seva. Wengi huanza na amri ya `mail`; tunashauri uiache. Katika toleo moja la `mail`, `-a` huambatisha faili; katika jingine huongeza mstari kwenye kichwa cha barua. Skripti inayofanya kazi Mtwara mjini inaweza kugoma kwenye kompyuta ya Nachingwea.

Andika faili la mipangilio ya msmtp, `~/.msmtprc`:

```
defaults
auth on
tls on
logfile ~/.msmtp.log

account ghala
host smtp.gmail.com
port 587
from anwaniyako@gmail.com
user anwaniyako@gmail.com
password nywila-ya-programu

account default : ghala
```

Nywila yako ya kawaida itakataliwa. Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nywila ya programu (App Password). Ina herufi 16. Iandike bila nafasi kwenye mstari wa `password`. Halafu funga faili kwa `chmod 600 ~/.msmtprc`, kwa sababu msmtp hukataa kusoma faili lenye nywila linaloonekana kwa watumiaji wengine. Katika `~/.muttrc` weka mistari hii:

```
set sendmail="/usr/bin/msmtp"
set from="anwaniyako@gmail.com"
set use_from=yes
```

Andika maneno ya barua kwenye `maelezo.txt`, kisha tuma:

```
mutt -s "Mizani ya leo" -a mizani.csv stakabadhi.pdf -- chama@example.com < maelezo.txt
```

Vistari viwili `--` visisahaulike. Ndivyo vinavyoiambia mutt kwamba mafaili yameishia hapo na kinachofuata ni anwani. Ukiviacha, mutt itaitafuta `chama@example.com` kama faili, iikose, na barua haitaondoka. Ukisahau `< maelezo.txt`, itafungua kihariri na kukusubiri uandike, na skripti uliyoiendesha kwenye teminali itakwama hapo. Jina la faili lenye nafasi litiwe kwenye alama za kunukuu.

Ukubwa ndio unaosumbua zaidi. Gmail huruhusu kutuma barua ya hadi MB 25, lakini kiambatisho husafiri kwa base64, yaani kikigeuzwa kuwa maandishi: kila baiti 3 huwa herufi 4, na juu yake kuna alama za kukata mistari. Kwa hiyo mafaili yako yote pamoja yasizidi takriban MB 18. Picha tano za simu, kila moja MB 4, tayari zimepita. Zipunguze kwa ImageMagick (isakinishe kwa `sudo apt install imagemagick`) bila kugusa zile za asili:

```
mkdir -p ndogo
mogrify -path ndogo -resize 1600 -quality 75 *.jpg
```

Fungua picha moja uhakikishe namba za stakabadhi bado zinasomeka, kisha pima jumla kwa `du -ch ndogo/*.jpg`.

Barua ikikataa, soma `~/.msmtp.log`. Msimbo 535 ni nywila. 552 kwa kawaida ni uzito. Kama muunganisho unakatika bila msimbo, huenda mtandao unaotumia umezuia porti 587: jaribu 465 na uongeze `tls_starttls off`.

Msmtp haina foleni. Mtandao ukiwa chini, inaripoti kosa na kuacha. Basi irudie mpaka ifanikiwe, kila baada ya dakika tano:

```
until mutt -s "Mizani" -a mizani.csv -- chama@example.com < maelezo.txt
do sleep 300; done
```

Hakikisha tu kwamba anwani na nywila ni sahihi kwanza, la sivyo itazunguka usiku kucha ikipiga hodi kwa Google.

Ukitaka ijitume saa 12 jioni, weka hayo kwenye `tuma.sh` na uiite kwa cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, ukiongeza mstari huu kwa `crontab -e`: `0 18 * * * /bin/bash /home/karani/tuma.sh`. Ndani ya skripti tumia njia kamili za mafaili. Tarehe nayo, ukiiweka kwa amri kama `date +%F`, iandikwe ndani ya skripti, si kwenye mstari wa crontab, kwani huko alama ya `%` huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari na amri hukatika katikati.