Jinsi ya kuomba uthibitisho wa kutodaiwa na maktaba kabla hujaondoka chuoni

Cheti chako hakitoki mpaka maktaba iseme hudaiwi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hujaza fomu ya kutodaiwa, ile ambayo wote tunaiita klirensi, akapita nayo idarani, bwenini, ofisi ya fedha na maktaba. Ofisi nyingi zinamalizika kwa dakika chache. Maktaba ndiyo inayokwamisha watu, kwa sababu kumbukumbu zake zinaanzia siku ulipopewa kitambulisho, na kila kitabu ulichobeba kwa miaka mitatu au minne kimeandikwa pale.

Chuo kimoja hutumia fomu ya karatasi yenye nafasi za mihuri, kingine huiweka ndani ya akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, lakini kazi yenyewe ni ile ile. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: anza na maktaba wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho. Siku ya kufunga chuo, wewe una begi mlangoni na tiketi ya basi mfukoni, na mkutubi ana watu mia mbele yake. Hapo kosa dogo la kumbukumbu linageuka safari ya kurudi kutoka Kigoma.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilimpa rafiki yangu kitabu anirudishie, akakiweka kaunta wakati wa msongamano na kuondoka. Kitabu kilirudishwa rafuni bila kufutwa kwenye jina langu. Miezi mitatu baadaye, nikiwa nyumbani nasubiri mahafali, nikaambiwa nadaiwa. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kwa niaba yangu, akamwomba mkutubi waende pamoja rafuni, na kitabu kikakutwa kimekaa mahali pake. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, ila iliniondolea usingizi wiki nzima.

Hatua ya kwanza: jua unadaiwa nini

Ingia kwenye akaunti yako ya maktaba kupitia katalogi ya mtandaoni, au nenda kaunta ya kuazima na kitambulisho chako. Usiulize tu, “Nadaiwa?” Sema: “Samahani dada, naomba kuona orodha ya vitabu vyote vilivyoandikwa kwa jina langu, pamoja na faini.” Ukiuliza kwa ujumla utajibiwa kwa ujumla. Ukiomba orodha, utaona hata kile kitabu cha mwaka wa kwanza ulichokisahau chini ya kitanda cha mwenzako.

Angalia pia vitu visivyo vitabu. Funguo za kabati la mizigo na vitabu vya kuazima kwa saa chache huandikwa mahali pengine, wakati mwingine kwenye daftari la mkono. Kama ulisoma kwenye kampasi mbili, au kitivo chako kina maktaba yake ndogo, pita kote. Maktaba kuu huenda isijue kinachoendelea kwenye maktaba ya kitivo.

Hatua ya pili: rudisha mwenyewe na usiondoke mikono mitupu

Peleka vitabu mwenyewe. Simama pale mpaka mhudumu afute kila kimoja kwenye mfumo, kisha omba stakabadhi au umwombe akuonyeshe kwenye kioo cha kompyuta kwamba jina lako liko safi. Ukiweza, piga picha ukurasa huo kwa simu. Asubuhi, mara tu milango inapofunguliwa, ndiyo saa nzuri. Mchana wa wiki ya mitihani kaunta hujaa, na mhudumu aliyechoka hukosea kama binadamu mwingine yeyote.

Ukiwa na faini, usimpe mtu fedha mkononi. Kwenye vyuo vya umma utapewa kontroli namba, yaani ile namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12, na utalipa kwa simu au benki. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, kisha rudi na ujumbe wa muamala maktaba ikaoanishe. Malipo yakionekana kwenye mfumo wa fedha haina maana yamekwisha kuonekana maktaba. Wengi hukwama hapo, wakidhani kulipa ndiyo mwisho wa kazi.

Kitabu kikipotea

Sema mapema, kabla hujaulizwa. Maktaba nyingi zinakupa njia mbili: ununue nakala ile ile, toleo lile lile au jipya zaidi, au ulipe thamani yake pamoja na gharama ya kukiingiza upya. Kabla hujakimbilia duka la vitabu, muulize mkutubi kwa maandishi ni toleo gani litakubaliwa. Nimeona mtu amenunua kitabu kwa fedha nyingi kikakataliwa kwa sababu kilikuwa toleo la zamani kuliko lililopotea. Na usilete nakala ya kutoa fotokopi ukaibandika jalada: haipokelewi, na inakuharibia jina mbele ya watu wenye muhuri unaouhitaji.

Kama kilichopotea ni kitambulisho, anza polisi kuchukua ripoti ya upotevu, ndipo uende ofisi ya usajili. Bila ripoti hiyo utazungushwa.

Kabla hujafunga akaunti, itumie

Sehemu hii haimo kwenye fomu yoyote, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Siku maktaba inapogonga muhuri, akaunti yako inafungwa. Majarida ya kielektroniki ambayo chuo hulipia, mengi yao kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, hutayafungua tena kwa nywila yako. Kwa hiyo pakua makala unazozihitaji kwa kazi unayotaka kuifanya, hasa kama unafikiria shahada ya uzamili. Uliza pia kama kuna warsha za mwisho wa muhula: kutafuta taarifa, kupanga marejeo, kupima ufanano wa maandishi kabla ya kukabidhi utafiti wako. Mara nyingi ni bure na viti vinabaki vitupu wakati wanafunzi wanalalamika kwamba hakuna msaada. Mwenye ulemavu wa macho au wa viungo amuulize mkutubi kuhusu chumba, kifaa cha kusomea na muda wa ziada. Huduma hizo hupatikana zaidi kwa anayeziomba mapema.

Halafu kuna mikusanyiko maalumu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu iitwayo East Africana, na ninasikitika kila ninapokutana na mhitimu wa Mlimani ambaye hakuwahi kuingia humo. Sheria ya mwaka 1962 iliitaka nakala ya kila kilichochapishwa nchini ifikishwe kwenye maktaba ya chuo, na kwa sababu hiyo humo mna machapisho ya Serikali, magazeti ya zamani na vitabu ambavyo huvioni tena dukani. Mna karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila na sheria za jadi za Wasukuma na Wahaya enzi za ukoloni, na za Henry Fosbrooke, aliyewahi kuwa mhifadhi wa Ngorongoro. Kama babu yako anatoka Usukumani, huenda desturi za ukoo wake ziko ndani ya boksi moja hatua chache kutoka ulipokuwa ukisomea mtihani.

Jengo jipya la maktaba hiyo, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, linaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja. Hata hivyo, vitu vya mkusanyiko maalumu haviazimwi vikatoka. Unajaza fomu ya maombi, unaonyesha kitambulisho, unaacha begi nje, unatumia penseli na si kalamu ya wino, na unaomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Andika mada yako waziwazi kwenye fomu. “Historia” haimsaidii mkutubi. “Kilimo cha pamba Shinyanga kabla ya uhuru” inampa pa kuanzia.

Aliyeko Morogoro naye asione anapunjwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine ilipewa mwaka 1991, kwa sheria ya Bunge, hadhi ya maktaba ya taifa ya kilimo. Ripoti za mbegu, mifugo na udongo zilizofanywa wilayani kwenu, zitafute hapo kabla hujarudi kijijini na shahada ya kilimo.

Wa uzamili na uzamivu

Ninyi mna hatua moja ya ziada: kukabidhi tasnifu. Maktaba hupokea nakala iliyojalidiwa na faili la PDF kwa ajili ya hazina ya kidijitali ya chuo. Hakikisha faili ni lile lile lililosahihishwa baada ya utetezi, likiwa na ukurasa wa tamko, ikisiri na sahihi za wasimamizi. Fungua faili hilo kwenye kompyuta nyingine uone kama herufi na majedwali yametulia. Kama matokeo yako yana jambo la siri au unataka kuchapisha makala kwanza, omba kwa barua tasnifu izuiliwe kwa muda. Baada ya kupandishwa ni vigumu kuishusha.

Hatua ya mwisho: kuomba muhuri

Ukiwa huna kitabu wala faini, peleka fomu. Mahali panapohitaji barua, iwe fupi kama hii:

Kwa Mkurugenzi wa Maktaba,
YAH: KUOMBA UTHIBITISHO WA KUTODAIWA NA MAKTABA
Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, namba ya usajili (andika hapa), kitivo cha (andika hapa). Nimerudisha vitabu vyote nilivyoazima na kulipa faini niliyodaiwa. Naambatisha stakabadhi. Naomba nihakikiwe na nisainiwe fomu yangu ili niendelee na taratibu za kuhitimu.
Wako mtiifu,

Chini weka jina kamili kama lilivyo kwenye usajili, si lile la mtaani, na namba ya simu ambayo bado itakuwa hewani mahafali yakifika. Baada ya kusainiwa angalia mambo matatu papo hapo: jina la aliyesaini, tarehe na muhuri unaosomeka. Kama ni mfumo wa mtandaoni, subiri uone hali imebadilika, kisha uchapishe ukurasa huo.

Kama umeshaondoka

Usikate tamaa. Piga simu au andika barua pepe kwa maktaba uombe orodha ya madai, kisha mteue mtu anayeaminika kwa barua yenye jina lake, namba ya kitambulisho chake cha Taifa na sahihi yako, pamoja na nakala ya kitambulisho chako cha chuo. Mpe stakabadhi zote. Kama unadaiwa kitabu ambacho una hakika ulikirudisha, mwelekeze aombe kwa heshima kitafutwe rafuni, akitaja namba ya rafu na siyo jina tu. Namba hiyo utaipata kwenye katalogi hata ukiwa Mtwara. Kitabu kikikutwa, asiondoke mpaka jina lako lifutwe mbele ya macho yake.

Na huko uliko, wakati unasubiri, maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania zinapokea msomaji yeyote. Kwa walioko Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu Mwalimu Nyerere alipoifungua Desemba 1967. Nenda na kitambulisho na picha ndogo mbili, ujaze fomu ya uanachama.