Breki ya baiskeli haishiki? Usikimbilie kukaza waya

Hizi breki za kubana rimu mambo yake ni mepesi, ukivuta mkono wa breki waya unavutika, unavuta ile mikono miwili pale kwenye foku, raba zinabana rimu huku na huku, na ule msuguano ndo unageuza mwendo kuwa joto. Ndo maana ukishuka mlima mrefu huku umeng'ang'ania breki rimu inachemka mpaka tyubu inaweza kupasuka, we bana achia, bana achia. Zile Phoenix za zamani hazina waya, ni vyuma vinavyovuta raba kwenda juu zikakamate rimu kwa ndani, na rimu yenyewe ni ya chuma, ikilowa mvua hapo ni kumuomba Mungu tu. Alumini ina afadhali kubwa.

Sasa ya kwako haishiki. Pindua baiskeli matairi juu, zungusha polepole, angalia nafasi kati ya raba na rimu. Kama rimu inayumba usiguse waya kabisa, hapo shida ni spoku, fundi ainyooshe kwanza.

Kama imenyooka angalia raba. Mifereji yake ikishafutika nunua mpya. Ikiwa bado ipo ila uso umekuwa mgumu unang'aa, piga msasa kidogo, na ukiona vichembe vya mchanga au chuma vimenasa chomoa maana ndo vinavyokula rimu. Rimu ioshe kwa sabuni au ifute na spiriti. Kuna watu wanapaka oili eti breki isilie, jamani!

Kufunga raba ndo pana kazi. Ipige kwenye rimu tu, ikipanda juu inakula tairi, ikishuka inateleza inaingia kwenye spoku. Kama inalia, chomeka kipande cha kadi ya vocha kwenye ncha ya nyuma ya raba, vuta breki, kaza nati halafu toa kadi, ili ncha ya mbele itangulie kugusa kidogo.

Waya sasa. Legeza nati yake, bana raba kwa mkono zibaki kama milimita 2 kila upande, vuta waya, kaza. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika weka mpya. Halafu vuta breki kwa nguvu zako zote hapo hapo baiskeli imesimama, mkono wa breki ukigusa usukani bado umelegea, rudia.